Sura ya Sita: Mlima Uliofungiwa na Bahari

Tarehe 30 Mei 1933, Mwingereza Lawrence Wager alifika karibu mita 8,570 kwenye Everest, bila kuvuta hewa ya chupa, kisha akageuka na kurudi. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Agosti 1935, alisimama juu ya kilele cha mita 3,694 ambacho rekodi hazionyeshi kama kuna mtu aliyewahi kukikanyaga. Kimo cha kilele hiki cha pili hakifiki hata nusu ya pale alipokuwa amefika Everest. Hata hivyo, tangu wenzake walipouona mlima huo kwa mara ya kwanza hadi siku aliyofika juu, ilipita miaka mitano, na katika miaka hiyo mmoja wao alipoteza maisha.

Mlima wenyewe ni Gunnbjørn Fjeld, mashariki mwa Greenland, karibu latitudo 69 Kaskazini. Hakuna mlima mrefu kuliko huo kaskazini ya Mzingo wa Aktiki. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kimo hicho si cha kutisha: anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala katika vibanda vya Horombo, mita 3,720, kabla hata ya kuanza sehemu ngumu ya safari. Kwa maneno mengine, wapagazi wa Marangu wanapika ugali mahali palipo juu kuliko kilele cha Aktiki nzima. Na Kibo ilikuwa imeshapandwa tangu 1889 na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, miaka 46 kabla ya mtu yeyote kufika juu ya Gunnbjørn Fjeld.

Kuchelewa huko hakukutokana na ugumu wa kupanda. Njia ya kawaida ya mlima huu ni mteremko mrefu wa theluji na barafu, na mpandaji wa kiwango cha wastani aliyefunzwa kutumia kamba na shoka la barafu anaimudu. Ugumu uko chini, baharini, mamia ya kilomita kabla ya mwamba wa kwanza. Anayetaka kuielewa historia ya mlima huu inambidi aanze na bahari.

Barafu inayotembea

Katika Bahari ya Aktiki maji huganda kila majira ya baridi, na barafu hiyo haitulii mahali pamoja. Upepo na mikondo huisukuma kuelekea mlango mpana ulio kati ya Greenland na Svalbard, na kutoka hapo mkondo wa Greenland Mashariki huibeba kuelekea kusini, sambamba na pwani. Vipande vyenye unene wa mita kadhaa husongamana, huachana, hugongana, hupandana. Barafuto, yaani mito ya barafu inayoshuka kutoka nchi kavu, nazo huongeza milima ya barafu inayoelea. Matokeo yake ni ukanda mweupe unaoikumba pwani ya mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwezi Agosti ukanda huo hulegea kidogo. Miaka mingine haulegei kabisa.

Pwani iliyo chini ya Gunnbjørn Fjeld ni sehemu mbaya zaidi ya ukanda huo. Inaitwa Pwani ya Blosseville, kwa jina la Jules de Blosseville, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa aliyeiona mwaka 1833 akiwa katika meli La Lilloise. Aliituma taarifa yake, akarudi tena kwenye barafu, na hakuonekana tena, yeye na meli na mabaharia wote. Misafara iliyotumwa kumtafuta haikupata hata ubao.

Jina la mlima nalo limetoka kwa mtu aliyeishia kutazama kwa mbali. Simulizi za Iceland zinamtaja Gunnbjörn Ulfsson, baharia wa Kinorwe ambaye, karibu mwaka 900, upepo ulimtoa kwenye njia yake akaona visiwa na nchi upande wa magharibi. Hakuanzisha makazi. Miongo kadhaa baadaye Erik Mwekundu aliifuata habari hiyo, akaizunguka ncha ya kusini ya Greenland na kujenga upande wa magharibi, ambako bahari ilimpokea. Pwani ya mashariki akaipita.

Ramani ya kuaminika ya pwani hiyo ilichelewa hadi mwaka 1900, wakati Mdenmark Georg Carl Amdrup aliposafiri kwa mashua ndogo kutoka Rasi ya Dalton hadi Ammassalik, akijipenyeza kati ya barafu na miamba. Mashua ndogo ilikuwa na faida ambayo meli haikuwa nayo: barafu ilipofunga, watu waliivuta juu ya kipande kikubwa na kungoja.

Ujuzi huo haukuwa mgeni kwa Wainuit. Walikuwa wamesafiri pwani hiyo kwa mashua za ngozi kwa vizazi vingi, na magofu ya nyumba zao yapo katika hori kadhaa ambako hakuna mtu anayeishi leo. Mdenmark Gustav Holm alipofika Ammassalik mwaka 1884, naye kwa mashua za ngozi zilizoendeshwa na Wainuit wa magharibi, alikuta jamii ya watu mia nne na ushei ambao Ulaya haikuwa na habari nao. Watu hao waliijua bahari kwa undani kwa sababu ndiyo iliyowalisha: sili, nyangumi, dubu mweupe. Ndani ya nchi, juu ya barafu, hakuna mnyama wa kuwinda wala mafuta ya kuwasha taa. Mwindaji aliyetumia siku kumi kwenda huko angerudi mikono mitupu na kukuta watoto wana njaa. Kilele kirefu kilikuwa kimesimama kwenye jangwa, na hapakuwa na sababu ya kwenda.

Sababu ililetwa na watu waliotoka mbali, na mwanzoni haikuhusu kupanda milima.

Ndege mbili na hema moja

Mwaka 1930 kijana Mwingereza wa miaka 23, Gino Watkins, aliongoza msafara wa watu 14 kwenda mashariki mwa Greenland. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kama ndege za abiria zingeweza kuruka kutoka Uingereza hadi Kanada kwa kupitia Iceland na Greenland. Dunia ya wakati ule ilikuwa na ndege za masafa mafupi, kwa hiyo njia ya kaskazini, yenye nchi kavu za kutua kila baada ya kipande cha bahari, ilionekana fupi na salama kwenye ramani. Kilichokosekana ni taarifa: barafu ya Greenland ina kimo gani, na katikati yake hali ya hewa ya majira ya baridi ikoje?

Watkins alikuja na ndege mbili ndogo za Gipsy Moth na meli ya Quest, ileile ambayo Ernest Shackleton alifia ndani yake huko South Georgia mwaka 1922. Katika uchunguzi wa pwani kaskazini ya hori ya Kangerlussuaq (hii ya mashariki, si ile ya magharibi yenye uwanja wa ndege), msafara uliona safu ya milima iliyozidi kimo cha kitu chochote kilichokuwa kwenye ramani. Hadi wakati huo Mont Forel, iliyo kusini zaidi, ndiyo iliyodhaniwa kuwa ndefu kuliko yote katika Aktiki. Kutoka angani, ndani ya saa chache, jambo ambalo ukanda wa barafu ulikuwa umelificha kwa miaka elfu moja lilikuwa wazi.

Kuona ni jambo moja, kufika ni jingine, na majira ya baridi yaliyofuata yaliwafundisha hivyo. Watkins alikuwa ameweka kituo cha hali ya hewa juu ya ngao ya barafu, kama kilomita 200 kutoka kambi ya pwani. Kituo kilikuwa hema moja la umbo la kuba, lenye ngozi mbili, bomba la kupitisha hewa juu, na mlango uliopitia handaki chini ya theluji. Watu wawili walipaswa kukaa humo na kupokezana na wenzao. Lakini kundi la mwisho kabla ya baridi kali lilipigwa na dhoruba mfululizo, likatumia siku 39 kufika, na njiani likala sehemu kubwa ya chakula kilichokusudiwa kituo. Mwanzoni mwa Desemba 1930, wakiwa wamebanana ndani ya hema, walipiga hesabu: chakula kilichobaki hakikutosha watu wawili hadi masika. Augustine Courtauld, kijana wa miaka 26 kutoka ukoo tajiri wa viwanda vya nguo, akasema yeye atabaki peke yake.

Kwa muda alitoka nje kila baada ya saa chache kusoma vipimo: joto, upepo, mgandamizo wa hewa. Kila dhoruba ilijaza handaki theluji, naye akalichimba upya. Ilipofika karibu mwisho wa Machi theluji ikawa imefunga kila tundu, na hakuweza kutoka tena. Akaishi chini ya theluji akisikia hema likielemewa. Mafuta ya taa yalikuwa yakipungua, kwa hiyo aliyaweka kwa ajili ya kuyeyusha theluji ya kunywa, akazima taa na kulala gizani, siku baada ya siku. Kundi la kwanza lililotumwa kumchukua lilipita eneo hilo bila kukiona kituo. Habari ikatoka Greenland, magazeti ya Ulaya yakawaka moto, na rubani wa Sweden, Albin Ahrenberg, akakodiwa kwenda kumtafuta.

Tarehe 5 Mei 1931 Watkins mwenyewe, pamoja na John Rymill na Freddie Spencer Chapman, waliona doa jeusi kwenye uwanda mweupe. Lilikuwa bendera iliyochanika, na karibu yake ncha ya bomba la hewa. Watkins alipiga magoti akaita kupitia bomba. Sauti ikamjibu kutoka chini. Stovu ya Courtauld ilikuwa imeanza kuzimika siku hiyohiyo kwa kukosa mafuta.

Majira yaleyale ya baridi, Mjerumani Alfred Wegener, mtaalamu aliyependekeza kwamba mabara husogea, alifariki upande wa pili wa barafu hiyo akirudi kutoka kituo cha katikati. Mwenzake wa Kiinuit, Rasmus Villumsen, hakuonekana tena. Barafu ya Greenland haikuwa ikimchagua mzembe pekee.

Wager naye alikuwemo katika msafara wa Watkins, kama mwanajiolojia. Mwaka 1931 alijaribu kupanda Mont Forel na wenzake, wakazuiwa na kuba la barafu ngumu lililofunika kilele. Forel ikaja kupandwa na Waswisi, akiwemo André Roch, mwaka 1938. Lakini kufikia hapo macho ya Wager yalikuwa yameshahamia kwenye ile safu ya kaskazini.

Mwaka 1932 Watkins alirudi Greenland Mashariki kwa kazi ya kampuni ya ndege ya Pan American, akiwa na watu wachache na bajeti ndogo. Kwa kuwa chakula kilikuwa kidogo, aliamua kuwinda sili kama wenyeji. Alikuwa amejifunza kayaki kwa Wainuit wa Ammassalik, hata mbinu ya kupinduka nayo na kurudi juu bila kutoka. Tarehe 20 Agosti 1932 alikwenda kuwinda peke yake katika hori ya Tuttilik. Wenzake waliikuta kayaki yake ikielea imejaa maji, na suruali yake juu ya kipande cha barafu. Mwili haukupatikana. Alikuwa na miaka 25. Safu ya milima iliyoonekana na msafara wake ikaitwa Milima ya Watkins, na kilele chake kirefu kikabaki na jina la baharia wa kale.

Wapimaji kabla ya wapandaji

Mlima ulioonwa kutoka kwenye ndege bado hauna kimo. Rubani anakisia, mpimaji anahitaji kusimama ardhini, ajue mahali pake kwa jua na nyota, na apige pembe za vilele kutoka sehemu zaidi ya moja. Kazi hiyo ilifanywa mwaka 1934 na Waingereza watatu: Martin Lindsay, Andrew Croft na Daniel Godfrey.

Ujanja wao ulikuwa kuukwepa kabisa mlango wa mashariki. Walianzia pwani ya magharibi, ambako meli hufika bila shida kubwa, wakavuka ngao ya barafu kwa sledi za mbwa na kutokea nyuma ya milima. Kutoka huko walipima mfululizo wa vilele ambavyo hadi siku hiyo vilikuwa vivuli kwenye picha, kisha wakateremka kusini hadi Ammassalik. Hawakupanda Gunnbjørn Fjeld, wala hawakuwa na nafasi ya kufanya hivyo: mbwa wanaovuta sledi hula kila siku, na msafara wa aina hiyo ukisimama unaanza kula akiba ya kurudia. Ila waliporudi, swali la kimo lilikuwa limepata jibu la maana kwa mara ya kwanza, na yeyote aliyetaka kupanda alijua anakwenda wapi.

Agosti 1935

Kundi lililokwenda mwaka uliofuata lilikuwa na mchanganyiko wa ajabu. Courtauld, aliyezikwa hai juu ya barafu ileile, alirudi kwa hiari yake. Lawrence Wager alikuja na ndugu yake Hal, mtaalamu wa mimea. Ebbe Munck alikuwa mwanahabari wa Denmark ambaye baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, angekuwa kiungo muhimu cha harakati za kuupinga utawala wa Wajerumani nchini kwake. Jack Longland alikuwa mpanda miamba hodari wa Cambridge, na mwaka 1933 aliwateremsha wapagazi kutoka kambi ya sita ya Everest katikati ya dhoruba bila kumpoteza hata mmoja.

Msafara huo wa Everest unaunganisha hadithi hii na Kenya. Mwenzake Wager katika kamba siku ile ya 30 Mei 1933 alikuwa Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya. Mwezi Januari 1929, yeye na Eric Shipton, aliyekuwa amekuja Kenya kulima kahawa, walikuwa watu wa kwanza kupanda Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya, na kutoka hapo wakavuka hadi Batian. Huko Everest, Wyn-Harris na Wager walikuta shoka la barafu lililolala juu ya mwamba, linaloaminika kuwa la Andrew Irvine aliyepotea na George Mallory mwaka 1924. Kwa hiyo Wager alipokwenda Greenland alikuwa ametoka katika kundi dogo la watu waliofahamiana, waliopeana mbinu na vifaa, na waliotumia likizo zao kufuta nafasi tupu kwenye ramani za himaya. Mlima Kenya ulifikiwa kwa reli na barabara, na wapagazi wakabeba mizigo hadi chini ya miamba. Greenland haikuwa na reli wala mpagazi.

Ilikuwa na Quest. Meli hiyo ya mbao, iliyojengwa Norwe kwa ajili ya kuwinda sili, ilifaa kwa barafu kwa sababu haikuwa kubwa, na haikuhitaji nafasi pana ya kugeukia. Nahodha wa barafu hupanda juu ya mlingoti, ndani ya pipa la mlinzi, akatafuta mistari myeusi ya maji kati ya vipande. Akikosea, vipande hujifunga nyuma yake. Kufika pwani ndiko kulikokuwa kupanda kwenyewe. Kutoka hapo safari ilikuwa ya sledi juu ya barafuto hadi kwenye shina la mlima.

Mlima wenyewe umejengwa kwa matabaka. Zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, Greenland ilipokuwa ikiachana na Ulaya, lava ya basalti ilibubujika na kutandazwa, tabaka juu ya tabaka, hadi ikawa na unene wa kilomita kadhaa. Barafu ikaja ikachonga mabonde ndani yake. Leo pande za Gunnbjørn Fjeld zinaonyesha mistari ya mlalo, mwamba mweusi na theluji nyeupe kwa zamu, kutoka chini hadi karibu na kilele. Mistari hiyo haipandwi kirahisi, kwa kuwa basalti iliyopasuliwa na baridi humeguka mkononi. Ndiyo maana njia nzuri hufuata theluji: barafuto pana inayopanda polepole, mianya iliyofunikwa ambayo humlazimu kila mtu kufungwa kwenye kamba, na mwishoni ukingo mwembamba wenye mteremko mkali ambako shoka la barafu linafanya kazi yake halisi.

Katikati ya Agosti jua katika latitudo hiyo linazama kwa saa chache tu na halizami sana. Usiku ni mwanga hafifu usiogeuka kuwa giza. Mpandaji hana haja ya kukimbizana na machweo kama anavyofanya kwenye milima ya ikweta. Kinachomkimbiza ni theluji, inayolainika mchana na kugumu jua linapokuwa chini, na ukungu unaoweza kupanda kutoka baharini. Tena, hewa ya karibu na ncha za dunia ina mgandamizo mdogo kuliko ya ikweta kwa kimo kilekile, kwa hiyo mita 3,694 za huko humchosha mtu zaidi kidogo kuliko mita 3,694 za Kilimanjaro. Kwa Wager na Longland, waliotoka Everest, hilo halikuwa tatizo. Tarehe 16 Agosti 1935 walifika juu pamoja na Courtauld, Munck na Hal Wager.

Kilichofuata kinaonyesha namna Wager alivyoipima siku hiyo. Wakati wenzake waliondoka na meli, yeye alibaki na kundi dogo kupitisha majira ya baridi huko Kangerlussuaq. Mke wake Phyllis alikuwemo, pamoja na Hal na mkewe, mwanajiolojia William Deer, na familia za Kiinuit kutoka Ammassalik ambazo uwindaji wao ulilisha kambi. Sababu ya kubaki ilikuwa mwamba ulio karibu na mdomo wa hori, aliougundua wakati wa msafara wa Watkins: Skaergaard. Hapo magma ilijipenyeza ndani ya ganda la dunia na kupoa polepole, na kadiri ilivyopoa madini yake yalitulia kwa mpangilio, mithili ya mashapo. Wager na Deer waliuchora mwamba huo wote, na ripoti yao ya mwaka 1939 ikawa msingi wa kuelewa jinsi magma inavyobadilika inapoganda. Wanafunzi wa jiolojia duniani kote bado wanafundishwa Skaergaard. Wachache kati yao wanajua kwamba mtu aliyeuchora alikuwa pia juu ya kilele kirefu cha Aktiki, na yeye mwenyewe, aliyekuja kuwa profesa wa Oxford hadi kifo chake mwaka 1965, alijulikana zaidi kwa mawe kuliko kwa vilele.

Courtauld alifariki 1959, akiwa amedhoofishwa kwa miaka mingi na ugonjwa wa neva. Longland akawa mkuu wa elimu wa jimbo la Derbyshire, akaanzisha huko kituo ambacho watoto wa shule za serikali walifundishwa kupanda na kutembea milimani, jambo ambalo kabla yake lilikuwa la wenye nacho. Quest ilizama karibu na Labrador mwaka 1962, ikiwa bado inafanya kazi ya kuwinda sili, na mabaki yake yalipatikana chini ya bahari mwaka 2024.

Mlango wa angani

Kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya 1935 kilele kilikaa bila wageni. Katika kipindi hichohicho Everest ilipandwa, na vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000 vikafikiwa. Hapakuwa na siri yoyote kuhusu mahali Gunnbjørn Fjeld ulipo wala jinsi ya kuupanda. Ila meli ya barafu ni ghali, Agosti ni fupi, na mwaka ambao ukanda wa barafu unakataa, msafara mzima unarudi na picha za ukungu.

Aliyebadilisha mambo ni mhandisi wa ndege. Twin Otter, ndege ya Kikanada yenye injini mbili, ikifungwa skii chini ya magurudumu inaweza kutua juu ya barafuto tambarare na kuruka tena kwa umbali mfupi. Kuanzia miaka ya 1980 safari za namna hiyo kutoka Iceland zikawa za kawaida kiasi. Abiria anapanda ndege kaskazini mwa Iceland, anavuka ukanda ule wa barafu uliommeza Blosseville akiwa amekaa kwenye kiti, na anashuka juu ya theluji, kwenye kimo cha mita zaidi ya elfu mbili, akiwa na mlima mbele yake. Ndoto ya Watkins ya njia ya ndege ilitimia kwa namna ambayo hakuifikiria: ndege kubwa za leo huipita Greenland juu sana bila kutua, ilhali ndege ndogo inatua palepale alipotaka kufika.

Wanaokwenda sasa huchagua zaidi Mei na Juni, wakati theluji bado ni ngumu na jua halizami. Hupanda Gunnbjørn Fjeld kwa siku moja ndefu, wakapumzika, wakaenda kwa majirani wake wawili, Dome na Cone, vilele vilivyopungukiwa na kilele kikuu kwa makumi ya mita tu. Wengine hawaugusi mlima mkuu kabisa; wanatafuta vilele visivyo na jina, kwani safu hiyo ina vingi ambavyo havijapandwa. Anayeandika rekodi ya kupanda kwa mara ya kwanza huko leo anaweza kuwa mwalimu wa shule aliyechukua likizo.

Bahari nayo inabadilika. Satelaiti zinazopima barafu ya Aktiki tangu 1979 zinaonyesha kwamba eneo lake mwishoni mwa kiangazi limepungua sana, na barafu nene ya miaka mingi, ile iliyokuwa ikishuka na mkondo wa mashariki, ndiyo iliyopungua zaidi. Meli za watalii zinaingia katika hori ambazo Amdrup alizipitia kwa kuburuta mashua. Kwa wawindaji wa Ittoqqortoormiit, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1925 kwa familia zilizohamishwa kutoka Ammassalik, mabadiliko hayo hayana sura ya mlango unaofunguka. Barafu ngumu ya pwani ni barabara yao ya sledi, na ikichelewa kuganda au ikapasuka mapema, safari za uwindaji zinakatika.

Hata ndege haijamaliza utawala wa mahali hapa. Rubani hutua akiweza kuona vivuli juu ya theluji. Mawingu yakisawazisha mwanga, ardhi na mbingu huwa rangi moja, na hatui. Kundi lililopanda mlima kwa siku moja linaweza kukaa kwenye mahema siku nyingi likiangalia mbingu na kupunguza mgao wa chakula. Waandaaji wa safari wenye busara huweka akiba ya ziada kwa ajili hiyo, na katika bei anayolipishwa mteja, gharama ya ndege ndiyo inayobeba sehemu kubwa. Kamba, shoka na kiongozi ni nyongeza ndogo. Tangu Gunnbjörn hadi leo, bei ya mlima huu imekuwa bei ya kuvushwa.